Somo la Afya: Matiti Yasipolingana Baada ya Upasuaji wa Kuyainua

Wapo wakazi wa Kitale, Bungoma na miji ya karibu ambao wamefanyiwa upasuaji wa kuinua matiti. Baadhi yao waliamua hivyo baada ya kunyonyesha watoto kadhaa, wengine baada ya kupunguza uzito, na wengine kwa sababu matiti mazito yalikuwa yakiwaumiza shingo na mabega. Mara nyingi huduma hii hutafutwa Nairobi au Eldoret, kisha mgonjwa hurudi nyumbani kupona. Bandeji zinapoondolewa, anajitazama kwenye kioo na kuona titi moja liko juu kuliko jingine, au moja ni kubwa zaidi. Hapo wasiwasi huanza. Kwa kuwa jambo lenyewe ni la siri, wengine hawamwambii mtu yeyote, hata daktari.

Somo hili linaeleza kwa nini hali hiyo hutokea, lini ni ya kawaida, lini ni hatari, na hatua gani zichukuliwe. Jambo kuu la kukumbuka ni moja: kabla ya kupima ukubwa wa tofauti, angalia muda uliopita tangu upasuaji na dalili zinazoandamana nayo. Tofauti ndogo yenye maumivu makali siku ya pili inaweza kuwa hatari kuliko tofauti kubwa isiyo na maumivu mwezi wa pili.

UPASUAJI WENYEWE NI UPI

Katika upasuaji wa kuinua matiti, daktari huondoa ngozi iliyolegea, hukaza nyama ya ndani na kuipandisha chuchu mahali pa juu zaidi. Mgonjwa akiwa na matiti makubwa mno, nyama na mafuta pia hupunguzwa. Kazi hii ni ya daktari bingwa wa upasuaji wa plastiki. Neno hilo halina maana kwamba plastiki inawekwa mwilini. Maana yake ni upasuaji wa kutengeneza au kurekebisha umbo.

Taaluma hii ina historia ndefu Afrika Mashariki. Shirika la AMREF, linalojulikana kwa huduma ya madaktari wa ndege, lilianzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu, na wote watatu walikuwa wapasuaji wa plastiki: Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. McIndoe alikuwa amepata sifa nchini Uingereza kwa kuwatibu marubani walioungua wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Hadi leo, madaktari wa fani hii hutibu majeraha ya moto, midomo iliyopasuka tangu kuzaliwa, na wanawake waliokatwa titi kwa sababu ya saratani. Kwa hiyo mgonjwa anayehitaji kurekebishwa titi asione haya kumwendea daktari wa aina hii. Ni kazi yake ya kila siku.

KWA NINI MATITI HAYALINGANI

Matiti ya karibu kila mwanamke hutofautiana kidogo hata kabla ya upasuaji. Mbavu za upande mmoja zinaweza kuchomoza zaidi, au bega moja likawa chini kuliko jingine. Upasuaji hupunguza tofauti hizo lakini hauzifuti zote. Ndiyo sababu daktari makini huchukua vipimo na picha kabla ya kuanza, na kumwonyesha mgonjwa tofauti aliyokuja nayo.

Baada ya upasuaji, sababu nyingine huongezeka:

1. Uvimbe. Pande mbili hazivimbi sawa wala hazipungui kwa kasi moja. Upande wa mkono unaotumiwa zaidi unaweza kubaki na uvimbe kwa muda mrefu.

2. Damu kujikusanya ndani. Mshipa mdogo ukivuja chini ya ngozi, titi moja huvimba haraka, hukaza na kuuma.

3. Majimaji kujikusanya. Haya huja polepole zaidi, na titi huhisi kama lina maji ndani.

4. Maambukizi. Titi huwa jekundu au jeusi zaidi kuliko kawaida, huwa la moto, na usaha unaweza kutoka.

5. Kidonda kufunguka au kovu kuvuta ngozi upande mmoja.

6. Mafuta ya ndani kukosa damu na kufa, yakaacha donge gumu.

7. Mabadiliko ya baadaye, kama vile kunenepa, kukonda, mimba na kunyonyesha.

KALENDA YA KUPONA

Saa 48 za kwanza. Hiki ndicho kipindi cha kuwa macho kuhusu kuvuja damu. Uvimbe wa pande zote mbili ni wa kawaida. Titi moja kuvimba ghafla na kukaza si kawaida.

Siku ya 3 hadi wiki ya 2. Hapa hofu kubwa ni maambukizi na kidonda kufunguka. Matiti huonekana yamekaa juu mno na umbo lake si la asili. Hiyo ni hatua ya kupita.

Wiki ya 2 hadi mwezi wa 3. Uvimbe hupungua na matiti huanza kushuka taratibu. Ni kawaida moja kutangulia na jingine kufuata. Ganzi au msisimko usio wa kawaida kwenye chuchu pia hutokea, na mara nyingi hupungua kadiri miezi inavyopita.

Mwezi wa 3 hadi wa 12. Umbo hutulia. Makovu huendelea kubadilika, na yanaweza kuchukua mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu kabla ya kufifia.

Baada ya miezi 6 hadi 12. Kama tofauti bado ipo na inamsumbua mgonjwa, huu ndio wakati wa kuzungumza na daktari kuhusu marekebisho. Kukimbilia upasuaji wa pili kabla ya uvimbe kwisha ni kurekebisha umbo ambalo bado linabadilika. Matokeo yake yanaweza kuwa tofauti mpya upande wa pili.

DALILI ZISIZONGOJA

Mgonjwa aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, akiona mojawapo ya haya:

- Titi moja limevimba ghafla, limekaza, na maumivu yanazidi licha ya dawa.
- Damu inalowesha bandeji mara kwa mara.
- Chuchu au ngozi inayoizunguka imebadilika rangi kuliko ilivyokuwa, imekuwa ya kijivu, ya zambarau au nyeusi, au imekuwa baridi.
- Homa, baridi ya kutetemesha, usaha au harufu mbaya.
- Kidonda kimefunguka.
- Mguu mmoja umevimba na kuuma, au kuna maumivu ya kifua na kupumua kwa shida. Hii inaweza kuwa damu iliyoganda na kusafiri hadi mapafuni. Ni dharura kubwa.

Si lazima mgonjwa arudi kwanza kwa daktari aliyempasua. Aliye Kitale anaweza kufika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Wamalwa Kijana, na aliye Bungoma afike Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Bungoma. Kwa wa Webuye, hospitali ya kaunti iko karibu. Kesi inayohitaji mtaalamu zaidi huweza kupelekwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Haki hiyo haipotei kwa sababu upasuaji wa kwanza ulikuwa wa hiari, au ulifanyiwa hospitali ya kibinafsi.

MFANO WA KUJIFUNZIA

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo. Mama mmoja wa Kiminini alipasuliwa Nairobi Jumatatu, na Jumanne jioni akapanda basi la usiku kurudi nyumbani. Jumatano titi la kulia likavimba. Jirani akamshauri alikande kwa maji moto. Alhamisi asubuhi mhudumu wa afya ya jamii alipita.

"Mama Brian, uvimbe huu umeanza lini?"

"Tangu jana mchana, dada. Nilidhani ni kawaida. Daktari alisema nirudi baada ya wiki moja."

"Na hili la kushoto?"

"La kushoto ni sawa tu. Hili limekuwa gumu kama jiwe, na dawa za maumivu hazisaidii."

"Basi hii haiwezi kungoja wiki. Usilikande tena. Twende Kitale sasa hivi, na ile karatasi uliyopewa Nairobi tuibebe."

Mhudumu huyo alifanya mambo matatu sahihi. Aliuliza kuhusu muda, akalinganisha pande zote mbili, na akataka karatasi za hospitali. Damu iliyojikusanya inaweza kuhitaji kutolewa kwa upasuaji mdogo. Ikifanyika mapema, titi kwa kawaida hupona vizuri. Ikicheleweshwa, ngozi na chuchu zinaweza kukosa damu.

Kuna funzo jingine hapo. Kutoka Nairobi hadi Kitale au Bungoma ni safari ya karibu kilomita 400. Kukaa kwenye kiti saa nyingi siku moja baada ya upasuaji huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Anayepanga upasuaji mbali na nyumbani apange pia mahali pa kulala karibu na hospitali, angalau hadi daktari atakapomwona tena na kumruhusu kusafiri. Siku ya safari, basi linaposimama Nakuru au kwingineko, ashuke atembee kidogo.

UTUNZAJI NYUMBANI

Sidiria. Avae sidiria laini ya kushikilia, isiyo na waya, usiku na mchana kwa muda ulioelekezwa, ambao mara nyingi ni wiki 4 hadi 6.

Kulala. Alale chali, kichwa na mabega yakiinuliwa kwa mito. Kulala upande mmoja kila siku hukandamiza titi moja.

Kazi. Asibebe ndoo ya maji, gunia la mahindi wala mtoto mzito, na asishike jembe kwa wiki 4 hadi 6 au kadiri daktari atakavyosema. Kwa familia za wakulima hili ni jambo la kupanga mapema. Upasuaji ukifanywa Machi wakati wa kupanda, au Oktoba na Novemba wakati wa kuvuna, mama atajikuta shambani kabla ya kupona. Ni vyema kuchagua kipindi ambacho kuna mtu wa kumsaidia.

Boda boda. Mtikisiko wa barabara za mashimo huumiza mshono mpya. Aepuke kupanda pikipiki wiki za mwanzo.

Kidonda. Kisafishwe kama daktari alivyoelekeza. Asipake mafuta ya ng'ombe, majani, majivu wala dawa ya kienyeji juu ya mshono. Asikande kwa maji moto. Ngozi yenye ganzi huungua bila mtu kuhisi.

Sigara na sukari. Sigara hupunguza damu inayofika kwenye ngozi na kuchelewesha kupona. Mwenye kisukari ahakikishe sukari yake imedhibitiwa kabla na baada ya upasuaji.

Kovu nene. Watu wenye ngozi nyeusi wako katika hatari zaidi ya kupata keloidi, yaani kovu linaloota na kuvimba kupita mipaka ya kidonda. Aliye na keloidi masikioni au kifuani amwambie daktari kabla ya kupasuliwa. Kovu likianza kunenepa, kuwasha au kuuma, aonwe mapema, kwa maana kuna jeli ya silikoni na sindano zinazosaidia.

Picha. Kujitazama kwenye kioo kila saa huongeza wasiwasi bila kutoa jibu. Afadhali apige picha mara moja kwa mwezi, mahali pale pale, mwanga ule ule, mikono ikiwa chini. Picha hizo zitamsaidia daktari kuona kama tofauti inapungua. Zihifadhiwe kwa siri. Hospitali pia haina ruhusa ya kuzitumia kwenye matangazo bila idhini ya mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamlinda.

Mavazi. Wakati wa kusubiri, tofauti inaweza kufichwa kwa njia rahisi. Sidiria inunuliwe kwa kipimo cha titi kubwa, kisha upande mdogo ujazwe kwa sponji laini. Fundi cherehani anaweza kushona kifuko kidogo cha kuishika isihame. Hili lifanyike baada ya kidonda kufunga kabisa.

TOFAUTI INAYOKUJA BAADAYE

Matiti yaliyokwisha kutulia, kisha moja likabadilika baada ya mwaka au miaka, yanahitaji kuchunguzwa. Inawezekana ni uzito au mimba. Inawezekana pia ni ugonjwa usiohusiana na upasuaji. Saratani ya matiti inaongoza kwa wagonjwa wapya wa saratani nchini Kenya, na aliyeinuliwa matiti anaweza kuipata kama mwanamke mwingine yeyote.

Dalili za kuangalia ni donge jipya kwenye titi au kwapani, ngozi kubonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu kuingia ndani ghafla, na damu au majimaji kutoka kwenye chuchu. Donge la mafuta yaliyokufa baada ya upasuaji linaweza kufanana na saratani kwa mguso, kwa hiyo lisiamuliwe kwa kubahatisha. Daktari anaweza kuomba picha ya mawimbi ya sauti, mamografia, au kipande kidogo kipimwe maabara. Mwenye miaka 40 na zaidi aulize kuhusu mamografia ya uchunguzi hata kama hana dalili. Kila anayepimwa amweleze mpimaji kwamba aliwahi kupasuliwa matiti, kwa sababu makovu ya ndani huonekana kwenye picha.

MAREKEBISHO YANAVYOFANYWA

Daktari akiridhika kwamba umbo limetulia, atapima umbali wa kila chuchu kutoka sehemu ya juu ya kifua na kulinganisha ukubwa wa pande mbili. Kisha anaweza kupendekeza kupunguza ngozi upande mmoja, kusogeza chuchu, kutoa mafuta kidogo kwenye titi kubwa, au kuongeza mafuta ya mwili wa mgonjwa mwenyewe kwenye titi dogo. Marekebisho madogo mengine hufanywa kwa ganzi ya mahali pamoja tu.

Mgonjwa anayo haki pia ya kuamua kutofanya lolote. Kila upasuaji huja na kovu, gharama na hatari zake. Anayetarajia kuzaa tena anaweza kushauriwa angoje, kwa kuwa mimba na kunyonyesha hubadilisha umbo upya. Ajue vilevile kwamba upasuaji wa matiti unaweza kupunguza uwezo wa kunyonyesha.

Kuhusu malipo, upasuaji wa urembo ni gharama ya mtu binafsi, tofauti na matibabu ya ugonjwa. Swali la nani atalipia marekebisho liulizwe kabla ya upasuaji wa kwanza, na jibu liandikwe.

LESENI, KARATASI NA MALALAMIKO

Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi siku chache baada ya upasuaji wa kuondoa mafuta mwilini, na kituo alichohudumiwa kikafungwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, KMPDC. Tukio hilo liliwakumbusha Wakenya kwamba urembo pia ni upasuaji kamili.

Kabla ya kulipa chochote, mkazi athibitishe kwenye tovuti ya KMPDC kwamba daktari ana leseni ya mwaka huo na ubingwa wa upasuaji wa plastiki, na kwamba kituo chenyewe pia kina leseni. Tangazo zuri la mtandaoni au saluni yenye vifaa vinavyong'aa si leseni. Tahadhari ni ile ile kwa anayetafuta marekebisho. Aliyevunjika moyo mara ya kwanza ndiye huwa rahisi kudanganywa na bei nafuu mara ya pili.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake, hatari na njia mbadala kwa lugha anayoielewa kabla ya kutia sahihi fomu ya ridhaa. Inampa pia haki ya kulalamika. Kabla ya kuondoka hospitalini, aombe muhtasari wa upasuaji, orodha ya dawa, na nambari ya simu ya kupiga usiku. Daktari wa Kitale au Bungoma atakayempokea atazihitaji karatasi hizo.

Mwenye lalamiko aanze na hospitali yenyewe, kwa maandishi. Asiporidhika, aandikie KMPDC akiambatanisha nakala za karatasi na picha zenye tarehe. Anayefikiria kwenda mahakamani kwa madai ya uzembe apate ushauri wa wakili mapema, kwani kwa kawaida sheria huweka kikomo cha miaka 3. Ni muhimu pia kutofautisha. Matiti kutolingana peke yake hakuthibitishi uzembe. Kutoelezwa hatari, kupuuzwa ukiwa na dalili mbaya, au kupasuliwa na mtu asiye na leseni ni jambo jingine.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Ni dalili zipi zinazomlazimu mgonjwa kwenda hospitali siku hiyo hiyo?
2. Kwa nini si vizuri kufanya marekebisho kabla ya miezi 6 kupita?
3. Mume, dada au mama mkwe anaweza kusaidia vipi mgonjwa apumzike wiki 6?
4. Mtu anawezaje kujua kama daktari na kituo vina leseni?
5. Donge jipya likionekana miaka miwili baada ya upasuaji, hatua ya kwanza ni ipi?

Wahudumu wa afya ya jamii wanaombwa kulifundisha somo hili faraghani pale inapohitajika, na kutunza siri ya kila mgonjwa. Anayeogopa kuzungumza mbele ya watu anaweza kumwomba muuguzi wa zahanati iliyo karibu amwone peke yake.